Unaishi wapi? Historia ya watu walioweka nyumba juu ya magurudumu



Mwezi wa nane, mjomba wa mchumba wangu aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa mezani kwao, bukari bado inatoa moshi, sombe iko pembeni, kila mutu anajikaza kuonyesha heshima. Akaniangalia, akasema: «Bon, ni muzuri. Diplome iko, kazi iko. Sasa weye, unaishi wapi?»

Nikakosa jibu. Juu jibu la kweli lilikuwa: papa, minaishi ndani ya karavani.

Kwa wale ambao hawajaiona: karavani ni kijumba juu ya magurudumu, chenye ukuta wa bati nyembamba, kinachovutwa na gari mpaka pale unapotaka kukaa. Iko na ndugu yake mkubwa, ile yenye moteri yake yenyewe, dereva mbele na kitanda nyuma; hiyo nitaiita gari-nyumba. Yangu haina moteri. Kampuni ya kilimo iliyoniajiri baada ya lisansi iliikuta shambani, imeachwa na wenyeji wa zamani, ikanipatia iwe nyumba ya kazi. Urefu hatua saba, upana hatua tatu. Misimu miwili ya mahindi nimelala mule.

Usiku, wakati rezo inakubali, nikaanza kutafuta. Nani alianzisha mambo haya? Kuna watu wengine wanaoishi hivi, tena kwa kupenda? Kumbe wako, na wako wengi, hasa Marekani, na historia yao imepita miaka 100. Tena kipande kimoja cha historia ile kilipita hapa kwetu, mu Kongo. Hicho njo kilinifanya niandike.

Kwanza niseme yangu, msifikiri natunga. Mwezi wa kumi, saa nane ya mchana, karavani inageuka tanuri ya mkate. Ukigusa ukuta unatoa mkono. Mwezi wa sita na wa saba, mnajua baridi ya usiku ya Lubumbashi, kinyume chake: pumzi yako mwenyewe inagonga bati baridi, inageuka maji, na asubuhi upande mmoja wa godoro umelowana kama vile mutoto alikojoa. Mvua ikinyesha husikii simu. Na kama gurudumu moja limezama kidogo, nyumba nzima inainama: yai linajiviringisha mezani, maji ya kunawa yanakataa kwenda kwenye tundu lake, mlango unajifungua wenyewe usiku wa manane. Choo sisemi. Choo iko inje, mita 30, na zamu wa shamba anajua saa zangu zote.

Lakini furaha nayo iko, na haikuwa ile niliyoitegemea. Nilifikiri nitafurahia ukimya. Apana, ukimya unachosha wiki ya pili. Furaha ilikuja na viwavi jeshi. Wale wadudu wanakula zaidi usiku na alfajiri, mchana wanajificha ndani ya moyo wa mhindi, na agronome anayekuja kutoka mjini saa tatu anakuta majani yametobolewa tu. Mimi nilikuwa nafungua mlango, hatua tano niko kwenye mstari wa kwanza, tochi mkononi. Msimu wa kwanza niliwaona wakiwa bado wadogo kama uzi. Mwenye kulala mjini hangewaona. Na wamama wanaolima pembeni ya shamba letu walijua: taa ikiwaka mu karavani, yule kijana eko. Wakaanza kuniletea majani yao ya mahindi niangalie, na mimi nikaanza kupata viazi vitamu bila kununua.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1919, katika bustani moja ya mji wa Tampa, kule Florida, watu waliokuwa wanasafiri na magari yao na kulala humo humo walianzisha chama. Walikiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo, juu chakula chao kilitoka sana mu makopo. Alama yao ya kutambuana barabarani ilikuwa kopo tupu lililounganishwa kwenye kifuniko cha radiateri. Nimeipenda sana hiyo. Watu wa kwanza kuishi hivi, jambo la kwanza walilotengeneza halikuwa kitanda kizuri wala choo kizuri. Walitengeneza njia ya kujua jirani ni nani.

Miaka kumi baadaye kulikuwa na bwana mmoja wa Detroit, Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria. Mwaka 1929 alinunua hema la kuvutwa na gari, lile ambalo tangazo lilidai linasimamishwa kwa dakika chache. Akachukua mke na watoto, wakaenda likizo. Mvua kubwa ikawakuta wanapigana na hema, wote wakalowa. Sherman alirudi nyumbani na hasira, akachora sanduku lake mwenyewe lenye kuta ngumu na paa, fundi seremala akamjengea. Watoto walilitania jina la magari ya ng'ombe na farasi ya zamani, Covered Wagon, na jina likabaki. Mwanzoni mwa 1930 akalipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit. Kufika 1936 alikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote Marekani. Franchement, mutu aliyelowa na familia yake anaweza kuanzisha kiwanda.

Wakati ule uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu wamepoteza nyumba, na karavani iliyotengenezwa kwa likizo ikawa nyumba ya mwaka mzima. Roger Babson, mwanauchumi ambaye watu walimsikiliza juu alikuwa ameonya kabla ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, alitabiri kwamba ndani ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangeishi kwenye karavani. Alikosea vikali. Miji ilianza kujilinda. Ikaweka sheria: usikae zaidi ya siku kadhaa, usiegeshe hapa, nenda inje ya mji. Maneno yao yalikuwa haya: hawa hawalipi kodi ya nyumba, watoto wao wanajaza mashule yetu, na uchafu wao unaenda wapi? Swali la mwisho lilikuwa na haki yake, mimi mwenye choo cha mita 30 siwezi kubisha. Lakini chini ya maswali yote kulikuwa na lile la mjomba: nyinyi ni wa wapi?

Vita ikaja, miji ikasahau ukali wake. Serikali yenyewe ilinunua maelfu ya karavani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Kule Willow Run, karibu na Detroit, ambako Ford ilikuwa inatengeneza ndege za kudondosha mabomu, familia zilipangwa mistari kwa mistari ndani ya karavani zisizo na choo wala bafu. Mnakwenda wote kwenye jengo moja la kuogea, na ndoo. Vita ilipoisha watu wa viwanda waligawanyika njia mbili. Wengine wakafanya karavani kubwa zaidi na zaidi mpaka ikawa nyumba ambayo haitembei tena. Wengine wakabaki na ile ya barabarani.

Na hapo anaingia Wally Byam.

Byam alizaliwa 1896 jimbo la Oregon. Alipokuwa kijana alichunga kondoo, analala kwenye kigari kinachovutwa na punda, ndani kuna jiko la petroli na maji. Baadaye, wakati anajenga karavani yake ya kwanza, wanasema ni juu mke wake alikataa kulala chini kwenye hema. Alianzisha Airstream mwaka 1931, na tangu 1936 akazitengeneza kwa aluminiamu, bati zimepigwa ribiti kama mwili wa ndege, umbo la mviringo, zinang'aa. Mkiona picha mtazitambua.

Lakini kitu ambacho Byam aliuza kwa kweli kilikuwa safari ya pamoja. Mwaka 1951 alitangaza: anayetaka kwenda na karavani yake mpaka Amerika ya Kati, anifuate. Walitoka zaidi ya 60. Barabara iliwavunja moja kwa moja, wakafika wachache sana. Mutu mwingine angeacha. Yeye alifanya safari nyingine, tena nyingine, na mwaka 1955 watu wake wakaunda chama chenye jina lake.

Halafu 1959. Karavani 41 zikapandishwa meli mpaka Cape Town, na zaidi ya watu 100, wengi wazee wenye pensheni. Mpango: kuendesha kutoka Cape Town mpaka Kairo. Walitumia siku 221. Walipita Rhodesia mbili, Congo belge, Uganda, Kenya, Ethiopia ambako Haile Selassie aliwapokea, Sudan, mpaka wakaegesha mviringo mbele ya piramidi, picha ambayo kampuni inaitumia mpaka leo. Barabara zetu ziliwafanyia kile zinachofanyia kamiyo za leo: ekseli zilikatika, magurudumu yalizama mu matope, vyuma vya kuvutia karavani vilipinda. Mutu mwenye mawazo ya utalii peke yake alijuta. Na wengi kati yao, baada ya kurudi, walikuwa tayari kwa safari nyingine. Kila jioni walikuwa wanapanga karavani mduara, milango inatazamana, na mwenye ekseli iliyokatika hakulala peke yake porini.

Ninataka tusimame kidogo hapo kwenye Congo belge, juu historia yao inapita haraka na yetu haiwezi.

Mwaka 1959 ulianza na damu ya Léopoldville, tarehe 4 mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza wa 1960 viongozi wetu walikuwa Brussels kwenye Table ronde, na tarehe 30 mwezi wa sita uhuru. Wale wazee wa aluminiamu walipita katikati. Sasa fikiria mkongomani wa wakati ule amesimama kando ya barabara, anaangalia nyumba 41 zinazong'aa zinapita, ndani kuna vitanda, mapazia, jiko, masahani. Yeye mwenyewe, katika miaka ile ya ukoloni, ili ahame kutoka eneo lake kwenda lingine alihitaji karatasi, passeport de mutation. Kukaa mu cité, karatasi. Usiku, kutembea mu mji wa wazungu, saa zina mpaka. Na kama aliomba ile immatriculation ya mutu «aliyestaarabika», tume inakuja mpaka nyumbani kwake, inaangalia jinsi anavyoishi ndani.

Wamarekani nao walihitaji viza na karatasi za duane, sikatai. Lakini hakuna aliyewauliza juu ya nini hamuna nyumba inayosimama. Kwao kuhamahama kulikuwa ushujaa, National Geographic na magazeti yanapiga picha. Kwetu kuhama bila karatasi kulikuwa kosa.

Babu yangu alizaliwa mu kambi ya wafanyakazi wa migodi. Nilipomsomea mambo haya kwa simu alicheka, akaniambia: «Ile nyumba yetu haikukuwa na magurudumu, lakini ilikuwa karavani tu. Siku baba anaacha kazi, funguo inarudi kwa kampuni.» Nikanyamaza. Nyumba yangu pia ni ya mkataba.

Tuendelee, na Marekani tena. Miaka ya 1970 gari-nyumba zilikuwa nyingi, na kulitokea kundi la watu waliouza nyumba zao kabisa, wakaishi barabarani mwaka mzima. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, mke na mume walioishi hivyo, walianzisha chama cha Escapees. Hapa ndipo nilipoelewa tatizo langu. Ungefikiri chama cha watu wa barabarani kinashughulikia moteri na matairi. Kazi yake kubwa ilikuwa barua. Makao yao Livingston, Texas, yana huduma ya posta: mwanachama anapewa adresi pale, barua zake zinapokelewa, halafu zinatumwa pale alipo wiki ile. Juu bila adresi huwezi kupata permi ya kuendesha, bima, akaunti ya benki, wala kupiga kura. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2000, kuna watu wa pale waliokwenda mahakamani wakitaka maelfu ya wanachama waondolewe kwenye orodha ya wapiga kura: hawaishi hapa, adresi yao ni sanduku tu! Wanachama wakajitetea, wakabaki kwenye orodha. Sisi tuliosimama kwenye mstari wa carte d'électeur tunajua uzito wa kile kipande cha karatasi.

Chama kile kile kimeweka mahali pa wazee na wagonjwa wasioweza tena kuendesha. Wanaegesha gari-nyumba yao kwa mara ya mwisho, wanaendelea kulala kwenye kitanda chao kile kile, lakini wanapikiwa na wanaangaliwa. Hiyo sikuitegemea hata kidogo, nilisoma mara mbili.

Kero zao nyingine nilizijua bila mkalimani. Maji safi yanaisha siku unapopaka sabuni. Tangi la choo linajaa, lazima uliendeshe mpaka mahali pa kumwagia, na kila mutu aliyeishi hivyo ana hadithi ya bomba lililochomoka. Ukitaka kununua sufuria moja mpya, lazima utoe kitu kingine. Ukigombana na mke hakuna chumba cha kwenda.

Na mahali pa kuegesha. Katika jangwa la Arizona kuna kamji kanaitwa Quartzsite. Majira ya baridi kanajaa magari-nyumba mpaka upeo wa macho, juu serikali imeruhusu kukaa kwenye ardhi yake miezi saba kwa ada ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 180. (Kaburi maarufu la pale ni la Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa kutoka dola ya Ottoman mwaka 1856, jeshi la Marekani lilipojaribu kutumia ngamia. Kaburi ni piramidi ndogo, juu yake ngamia. Watu wa kuhamahama wamepata mzee wao.)

Baada ya mgogoro wa 2008, wengi walioingia Quartzsite hawakuwa watalii tena. Walikuwa wazee waliopoteza nyumba na akiba. Jessica Bruder aliwaandika katika Nomadland, 2017, na filamu yake ikapata Oscar. Walizunguka na kazi za msimu: bohari za Amazon kabla ya Noeli, kulinda kambi wakati wa joto, na ile iliyonigusa mimi, mavuno ya beti ya sukari kule North Dakota na Minnesota, mwezi wa kumi, saa 12 kwa zamu.

Waagronome watanielewa. Beti inavunwa na kurundikwa milima na milima inje. Ikiingia kwenye rundo na joto, inaendelea kupumua, inakula sukari yake yenyewe, halafu inaoza. Njo maana joto likipanda mavuno yanasimamishwa, mvua ikinyesha pia yanasimamishwa, na wafanyakazi wanangojea ndani ya magari-nyumba yao, wanaangalia mawingu. Mzee wa miaka 68, mwalimu au mhasibu zamani, anangojea beti ipoe. Wanaohojiwa wanasema mambo mawili kwa pumzi moja: mgongo unauma, na sijawahi kuwa na marafiki kama hawa. Zamani nilifikiri mojawapo ni uongo. Leo, apana. Wanapooneshwa kwenye video wanang'aa kwa uhuru, na hiyo video haioneshi kwamba wengine walichagua barabara na wengine walisukumwa, na kwamba kwa macho gari zao zinafanana.

Mimi niko kundi gani? Karavani sikuichagua, nilipewa. Lakini msimu wa pili walinitolea chumba mjini, na mimi nikakataa juu ya viwavi na wale wamama. Mkataba wa msimu wa tatu uko mezani, haujasainiwa, mvua itaanza mwezi wa kumi na moja. Mchumba wangu anasema yeye hana shida, kwa miaka miwili, si mitatu. Mama yangu anasema hakusomesha mutoto alale mu motoka. Nilimweleza haina moteri. Hakucheka.

Mjomba nilimwambia ukweli, mwishowe. Alinyamaza, akamaliza nyama yake, akauliza kama inavuja. Nikasema apana, haivuji. Akasema: «Basi nitakuja kuona.»

Anakuja Jumamosi. Nimeisha kuweka matofali mawili chini ya gurudumu la kushoto, nikapima na chupa ya maji juu ya meza, sasa iko sawa. Wamama wameahidi viazi. Zamu ameahidi kutoingia chooni kati ya saa nne na saa nane.